Sahani za Majirani wa Ujiji

Leo tunakwenda magharibi kabisa mwa Tanzania, pale reli ya kati inapoishia na maji yanapoanza: Kigoma, na mji wake mkongwe wa Ujiji. Mazungumzo yetu ni ya chakula na ukarimu. Najua mada hii husemwa sana, na mara nyingi huishia kwenye sifa: watu wa mahali fulani ni wakarimu, wana uso wa bashasha, basi. Mimi nataka tupite sebuleni tufike uani, kwenye moshi, kwa sababu ukarimu ni kazi, na kazi ina wenyewe.

Nilikwenda huko Novemba, kwa rafiki niliyesoma naye chuo. Wengi walinishauri nisubiri Juni au Julai, ardhi ikauke. Sisi wa pwani tumezoea vuli ya wiki chache, kisha jua linarudi kabla masika hayajaja. Kigoma mvua zikishika, Oktoba au Novemba, huendelea kwa vituo vifupi mpaka Aprili, mwaka mwingine mpaka Mei. Vichochoro vya Ujiji vinajaa tope, mifereji inafurika, na bati la nyumba likianza kupigwa, watu waliokaa chumba kimoja hunyamaza kwa sababu hakuna atakayesikika. Pamoja na hayo, nakwambia wazi: ukitaka kuijua Kigoma, nenda wakati wa mvua.

Sababu ya kwanza utaiona ufukweni. Kiangazi hewa ya kule imejaa moshi wa mapori yanayochomwa, na ukilitazama ziwa unaona maji yanapotelea kwenye weupe. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi hewa imeoshwa, na ng'ambo, yapata kilomita 50, milima ya Kongo imesimama wazi mpaka mabonde yake unayatambua. Hapo unaacha kudhani kwamba Ujiji ni mwisho wa nchi. Ziwa Tanganyika lina wenyewe wanne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, na kwa karne nyingi watu, chumvi, mafuta na samaki vimekuwa vikivuka kutoka upande huu kwenda ule. Utakachokula Ujiji kimetokana na mivuko hiyo.

Sababu ya pili ni kwamba mvua inamfungia mgeni ndani. Kiangazi mgeni hutembezwa. Anapelekwa Gombe kuona sokwe, anapelekwa bandarini kuitazama meli ya Liemba, anarudishwa jioni amechoka, anakula, analala. Novemba ratiba zote zinavunjika. Boti haiondoki kwa sababu ziwa limechafuka, daladala ya kutoka Mwanga, Kigoma mjini, haijafika, basi unakaa. Ukikaa sana sebuleni unaona aibu, unanyanyuka, unauliza kama kuna vitunguu vya kumenya. Ndivyo nilivyofika uani.

Jiko la nyumba ile ni banda la bati lililoegemea ukuta wa nyuma, lina mafiga matatu na jiko moja la mkaa. Kuni za Novemba zina maji. Hupangwa kwenye chanja juu ya moto wa leo zikauke kwa ajili ya kesho, kwa hiyo mpishi wa Ujiji majira haya hupika milo miwili kwa mpigo: unaoliwa na ule wa kuni. Mwenye jiko ni mama wa rafiki yangu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, pisha moshi," akanisogezea kigoda bila kuondoa macho kwenye karai.

Siku hiyo ilikuwa ni migebuka. Kwa msikilizaji ambaye hajapata kumwona, mgebuka ni samaki mrefu, mwembamba, wa rangi ya fedha, na mtu wa Kigoma aliye mbali na kwao ukimtajia jina hilo utaona uso wake unabadilika. Mama alimkata vipande vitatu, akampaka chumvi na ndimu, akamweka kando. Kisha akachota mawese. Asubuhi za mvua mawese huganda kidogo, yakawa na rangi ya chungwa; yalipogusa karai yakayeyuka na kuwa mekundu. Sasa hapa ndipo ufundi ulipo. Mawese mabichi yana harufu nzito inayokwenda hadi kwenye nguo. Yakiungua yanapauka na ladha inakufa. Mama aliinamia karai akawa ananusa. Hakuangalia saa wala hakugeuza mwiko. Harufu ilipotulia, nami niliisikia ikitulia, akatia vitunguu, nyanya nyingi, na pilipili moja nzima ambayo hakuipasua, itoe harufu bila kuwasha. Samaki aliingia mwisho, na moto ukapunguzwa kwa kuvuta kuni mbili nje.

Binti wa nyumba alisonga ugali wa muhogo. Alikaa chini, akabana sufuria kwa nyayo zilizofungwa vitambaa, akashika mwiko kwa mikono miwili. Unga wa muhogo haumvumilii mvivu. Ukiusonga nusu nusu unabaki na mabonge. Uliposongeka vizuri uling'aa, ukavutika, na tonge lake liliteleza kooni pamoja na mchuzi ule mwekundu. Mimi nimelelewa Tanga, kwa tui la nazi, na nasema kwa moyo mmoja kwamba siku ile sikulikumbuka tui.

Lakini kilichonifanya niandike mazungumzo haya kilitokea kabla hatujala. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Tukasikia hodi kwenye mlango wa uani. Mtoto wa kiume alikuwa amejifunika beseni la plastiki kichwani, na kifuani amekumbatia sahani iliyofunikwa kawa. "Mama kasema mmepata wageni." Ilikuwa kisamvu, sombe kama wanavyosema wenyeji wenye asili ya Manyema, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, kilichotwangwa laini na kupikwa kwa mawese na karanga. Kabla hatujaiweka chini, hodi nyingine: bakuli la maharage ya njano kutoka kwa jirani mwenye kwao Kasulu. Baadaye kidogo dagaa wa kukaanga, wakavu, na ndimu iliyokatwa pembeni. Hakuna aliyewatangazia majirani kwamba tumefika. Waliona bodaboda imesimama mlangoni na mabegi yamefunikwa nailoni, ikatosha.

Usiku ule sahani hazikurudi. Asubuhi mama aliziosha, akazipanga juu ya meza, akaanza kufikiri. Kwenye sahani ya sombe akaweka maembe mawili ya kwanza ya msimu. Kwenye bakuli la maharage akamimina sukari. Ile ya dagaa ilimsumbua. Alifungua kabati mara mbili, mwishowe akakata kipande cha sabuni ya mche na kukifunga kwenye karatasi. Akanituma mimi na ile ya maembe. "Mwambie mama yule nimeshukuru, na sombe yake imeliwa na wageni." Nikavuka kichochoro kwa kukanyaga matofali yaliyopangwa juu ya tope, nikapokelewa kama mtu wa nyumba ile, nikatolewa kahawa ya Kalinzi, na ikawa vigumu kuondoka.

Nilipokuwa nikinywa kahawa ile nilikumbuka kwamba mji huu umewahi kufanya jambo hilihili, mwezi kama huu, na kwamba limeandikwa.

Kwa hesabu ya mwandishi wa habari Henry Morton Stanley mwenyewe ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871. Wapo wanaoirudisha nyuma kidogo, lakini kwa vyovyote majira ni hayohayo, mvua zinaanza. Stanley aliingia Ujiji akamkuta mmisionari na msafiri David Livingstone, aliyekuwa akimtafuta. Ulimwengu umeishika sana salamu aliyotoa Stanley siku ile, imerudiwa mpaka imechoka. Mimi naomba tuangalie kilichofuata, maana walikaa barazani wakala.

Livingstone alikuwa amerudi kutoka Manyema wiki chache tu nyuma, mgonjwa, amekonda, na alipofika Ujiji akakuta bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Hakuwa na kitu. Katika shajara yake ameandika kwamba mfanyabiashara mmoja wa mji, Sayyid bin Majid, alimwendea kwa hiari yake akajitolea kuuza sehemu ya pembe zake za ndovu ili ampatie bidhaa za kujikimu. Livingstone alishukuru, akasema bado, labda baadaye. Basi Stanley alipofika na habari zikaenea, huyohuyo Sayyid bin Majid akatuma sahani ya maandazi ya moto ya nyama iliyokatwakatwa. Nadhani leo tungesema ni sambusa au kababu. Mohammed bin Sali akatuma kuku wa mchuzi wa bizari. Mwinyi Kheri, ambaye miaka ya baadaye alikuja kuwa mkubwa wa Ujiji chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar, akatuma mbuzi na wali. Stanley anaeleza kwamba sahani ziliingia moja baada ya nyingine, na kila iliyoingia waliishambulia. Yeye alikuwa na njaa ya safari. La ajabu ni Livingstone, ambaye tumbo lake lilikuwa limekataa karibu kila kitu isipokuwa chai. Akala, akaongeza, na akala tena.

Siku zilizofuata Livingstone aliandika kwamba hamu ya kula imemrudia, kwamba badala ya milo miwili ya kujilazimisha sasa anakula mara nne kwa siku, na kwamba ndani ya wiki moja alianza kujisikia ana nguvu. Mwezi huohuo wa Novemba wawili hao walipanda mtumbwi wakaenda mpaka ncha ya kaskazini ya ziwa, wakauona mto Rusizi ukiingia ziwani, na hoja iliyokuwa imewagombanisha wanajiografia wa Ulaya kuhusu mto ule unaelekea wapi ikamalizika.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaitamka methali hii harusini, tunaiandika kwenye kuta za migahawa, na tunaichukulia kuwa ni maneno ya adabu tu. Ujiji yalitimia kwa mtu mwenye jina na tarehe. Na angalia vizuri nani alikuwa mwenyeji. Stanley alikuwa mgeni wa Livingstone, lakini Livingstone naye alikuwa mgeni wa Ujiji, na majirani ndio waliowalisha wote wawili. Mgeni mpya alipoingia, majiko ya mtaa mzima yaliwaka, na mgonjwa akafaidika na moto uliowashwa kwa ajili ya mwingine.

Kuna mtu mmoja zaidi, na huyu ndiye ninayempenda kuliko wote katika kisa hiki. Anaitwa Halima. Alikuwa mpishi wa Livingstone. Stanley anasimulia kwamba siku ile Halima alikuwa anatoa kichwa nje ya jiko mara kwa mara kuhakikisha kwamba kweli barazani wamekaa wazungu wawili, badala ya yule mmoja asiyeweza kula. Kwa muda mrefu alikuwa amepika na sahani zikarudi na chakula chake, na alikuwa na hofu kwamba mkubwa wake hautambui upishi wake. Kila mpishi anayenisikiliza anajua uchungu huo: unajinyima usingizi, unakoleza, unapakua, na mgonjwa anageuza uso. Sasa chakula kinakwisha, kinaombwa kingine, na Halima anakimbilia kwa wenzake kuwaambia.

Mwaka 1872 Livingstone alimwandika Halima kwa sifa ambazo wanaume wachache wa msafara wake walizipata: ni mwangalifu, ni hodari, haibi wala hamruhusu mumewe aibe. Akaandika pia kwamba watakapofika Zanzibar atampa uhuru wake na kumnunulia nyumba na bustani. Hawakufika pamoja. Livingstone alifariki mwaka 1873 huko ambako sasa ni Zambia, na ahadi ile ikabaki kwenye karatasi.

Kwa hiyo, msikilizaji, mpishi aliyesimamia mlo ule alikuwa mtumwa. Siwezi kukusifia ukarimu wa Ujiji ya 1871 nikaliacha hilo pembeni. Wenye sahani zile walikuwa wafanyabiashara wa pembe na wa watu. Livingstone mwenyewe alikuwa ametoka Nyangwe, huko Manyema, ambako mwezi Julai mwaka uleule aliona kwa macho yake watu wa misafara wakiwapiga risasi mamia ya wanakijiji sokoni, wengi wao wanawake. Wali wa Mwinyi Kheri na kuku wa Mohammed bin Sali vilitoka katika majumba yaliyotajirishwa na biashara hiyo. Wema wa majirani wale ulikuwa wa kweli, na mikono iliyotwanga na kupika haikuwa na hiari. Yote mawili yalikuwa kwenye sahani moja.

Na sombe niliyoletewa na mtoto mwenye beseni kichwani inatoka hukohuko. Watu wengi wa Manyema walifika Ujiji kwa misafara, wengine kwa minyororo, wengine kama wapagazi na wafuasi. Wajukuu wao leo ndio wenye mji. Ni wao wanaotuma sahani, kwa hiari yao, mvua ikiwa inanyesha.

Turudi kwenye karai. Nilimuuliza mama chumvi yake anainunua wapi, akanijibu kama vile nimeuliza jua linachomoza wapi: Uvinza. Pale Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi kuna chemchemi za maji ya chumvi, na uchimbaji wa wanaakiolojia uliofanyika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba watu wamekuwa wakichemsha maji yale kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi ya Uvinza ilivuka ziwa zamani sana kabla hajaja Mwarabu wala Mzungu. Mawese nayo yalitoka kwenye michikichi ya shangazi yake, yakachemshwa kwenye pipa na kukamuliwa kwa mashine ya mkono, na kokwa zake, mise, zikawekwa kando kwa ajili ya sabuni. Tangu 2018 serikali, Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, akiwa mstari wa mbele, imekuwa ikihimiza zao hili, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu bora ili nchi ipunguze mafuta inayoagiza kutoka nje. Ni jambo jema. Naomba tu ladha ya mawese ya mama na shangazi yake isisahauliwe katika hesabu hizo.

Sahani ya dagaa ndiyo iliyokuwa na gharama kubwa kuliko zote, ingawa ilikuwa ndogo. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku, siku za giza, taa zikiwekwa juu ya maji wapande kuifuata nuru. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Mwezi ukiwa mpevu nuru ya taa haina maana, wavuvi hupumzika na soko hunyauka. Asubuhi dagaa huanikwa. Kiangazi kazi ni nyepesi: mchanga wa moto, jua kali, jioni wamekauka, wanapakiwa kwenda Dar es Salaam na kwingineko. Novemba ni vita.

Nilikwenda ufukweni Kibirizi siku moja jua lilipotoka. Wanawake walikuwa wametandaza dagaa, wengine mchangani juu ya nyavu kuukuu, wengine kwenye vichanja vya waya vilivyoinuliwa hadi kiunoni. Ziwa lilikuwa linametameta kote. Kisha upepo ukageuka. Sikuona ishara yoyote zaidi ya hiyo, lakini sauti ikapigwa upande mmoja wa ufuko, na kwa ghafla kila aliyekuwa amekaa alisimama. Wakaanua. Wa vichanjani walikunja wavu pembe nne wakafunika turubai, kazi ikaisha. Wa mchangani walikuwa wanakusanya kwa mafagio na mikono, na mvua ikawakuta. Mama mmoja alibaki amepiga magoti akikomba, matone yamekwisha kumlowesha mgongo. Dagaa akilowa baada ya kukauka nusu hupoteza mng'ao, huvunjika, hunuka, na mwisho wake ni chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Mtaji wa wiki unakwenda hivyo.

Ongeza kwamba miaka hii maji ya ziwa yamepanda, na Kibirizi ni miongoni mwa sehemu zilizomezwa. Mahali palipokuwa pa kuanikia, vibanda na mitumbwi vimebanana. Ongeza kwamba mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wapate kuzaana. Naunga mkono hatua hiyo, kwa sababu ziwa lina kina cha karibu mita 1,470 lakini samaki wake hawana kina hicho. Ila mwenye kuishi kwa dagaa alipita miezi ile kwa madeni, na zipo nyumba ambazo bado zinayalipa. Katika hali hiyo mtu anakaanga dagaa wake, anakata ndimu, anampa mtoto ampelekee jirani kwa sababu ameona mabegi mlangoni.

Mji huu umezoezwa kupokea kwa kiasi ambacho miji michache imezoezwa. Julai 1960, Kongo ilipovurugika baada ya kupata uhuru, Wabelgiji walivuka ziwa wakajaa Kigoma. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall, aliyekuwa njiani kwenda Gombe kwa mara ya kwanza, alikwama mjini pamoja na mama yake, na wakajiunga na watu wa mji kuwatengenezea wakimbizi wale sandwichi za nyama ya kopo kwa mamia. Warundi walikuja 1972, wakaja 1993. Wakongo walikuja 1996, na kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ikaanzishwa kwa ajili yao. Ipo hadi leo. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walijikuta Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, bila barabara. Liemba, meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ndiyo iliyokuwa ikiwachukua kwa zamu mpaka Kigoma, wakashuka na kupelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupanda mabasi. Kipindupindu kikaua watu. Mama wa rafiki yangu aliniambia mwaka ule mtaa wao ulikuwa unachanga unga kila asubuhi kwa ajili ya uji. Alilisema hilo akiwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua.

Si kila mtu alipokea, na si kila aliyepokea alipenda. Kuni ziliisha milimani, bei zilipanda, maneno makali yalisemwa, na yanasemwa bado. Mwenye kuishi mbali na mpaka hana haki ya kuwahukumu watu wa Kigoma kwa hilo. Wamelipa wao.

Sasa nina ombi, na nalielekeza kwa Manispaa ya Kigoma Ujiji na kwa wenye dhamana ya eneo la kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji. Mnara uliopo unasema kwamba chini ya mwembe uliokuwa pale Stanley alikutana na Livingstone. Hilo ni kweli na libaki. Lakini pawekwe kibao cha pili, kwa Kiswahili, chenye majina manne: Sayyid bin Majid, Mohammed bin Sali, Mwinyi Kheri na Halima. Kila jina liandikiwe chakula chake, na jina la Halima liandikwe kwa herufi kubwa kama za Livingstone, pamoja na ile ahadi ya uhuru, nyumba na bustani.

Na kila mwaka, wiki ya tarehe 10 Novemba, mama wa Ujiji, Kibirizi na Katonga wapewe uwanja ule wapike: migebuka kwa mawese, sombe, dagaa, ugali wa muhogo, maharage ya Kasulu, kahawa ya Kalinzi baada ya hapo. Wageni waje kwa treni wale na walipe. Bei ipangwe na wapishi wenyewe, na katika bei hiyo waingize kuni za mvua na dagaa walioharibika wiki ile.